Majina Niliyozipa Memori

Mwezi uliopita nilikuwa Kigongo nasubiri pantoni ya kuvuka kwenda Busisi, mtoto wangu wa tatu mgongoni, niliposikia mtu anaita, "Mama Petro! Mama Petro wee!" kwa sauti ambayo ningeitambua hata nikiwa nimezikwa. Alikuwa Devota. Alinikumbatia pamoja na mtoto, akanitikisa, kisha akawageukia wanawake aliokuwa anasafiri nao. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyeniokoa. Bila huyu mimi leo si fundi. Alijitwika kosa langu mbele ya bosi, na ana mtoto mchanga wakati huo." Wale wanawake wakanitazama kwa macho ya kanisani. Mmoja akasema, Mungu akubariki dada. Nikacheka kwa meno tu. Tukavuka pamoja, akaninunulia soda, akampakata mwanangu na kumnusa utosi kama alivyokuwa akimnusa Petro zamani, na mimi muda wote nimekaa natabasamu. Maana sikumwokoa. Naandika hapa ili ijulikane: sikumwokoa Devota hata kidogo. Nilikuwa namwonea wivu mpaka chakula hakipiti, na nilichofanya siku ile nilikifanya kwa wivu. Mtu akikushukuru kwa wema ambao hukuutenda, ni kama amekuibia mara ya pili.

Nilikozaliwa na nani alinizaa si habari ya hapa. Habari ni ya ule mwaka mmoja, miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila aliyekuwa na mtaji akanunua kitu ambacho hakukijua. Mzee Masalu alikuwa mnunuzi wa pamba. Ghafla tukasikia ameacha pamba, amepanga vyumba viwili katikati ya mji kwenye jengo la zamani lenye baraza, anauza na kutengeneza kompyuta zilizotumika. Chumba cha mbele kilikuwa cha kuchapa barua na kadi za harusi. Cha nyuma kilikuwa na meza ya ufundi. Viatu ulivua mlangoni, hata ukiwa mkuu wa wilaya, na ndani mashine zilifunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Feni ilikuwa moja, nayo iligeuziwa mashine. Sisi binadamu tulitoka jasho. Wale wadudu wadogo wa ziwani walipokuja kwa wingu, tulifunga madirisha tukaokwa mle ndani kama mikate, maana wakiingia kwenye mashine walijaa hadi wakazuia upepo wake.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaajiriwa pale kufagia na kuchapa. Fundi alikuwa Otieno, kijana wa Kisumu, mwenye subira, na alinifundisha kwa sababu nilikuwa namuuliza mpaka anachoka kunyamaza. Alinifundisha kila kitu, lakini kilichonishika mimi ni memori. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni kitu kidogo, kinakaa kiganjani, na bila hicho lile sanduku lote ni bati. Alinionyesha zile za zamani kabisa, fupi, ambazo mashine ilizitaka nne nne kama wabeba jeneza. Ukitoa mmoja, msiba hauendi. Zikaja ndefu kidogo ambazo kwenye mashine za Pentiamu zilitaka kwenda mbili mbili, na zote mbili ziwe sawasawa. Hizo nazo zilikuwa za aina mbili, za kawaida na zile zilizoitwa Edo, ambazo ukizitazama hutofautishi mpaka usome maandishi mgongoni, ila Edo ilikuwa nyepesi zaidi, haikuisubirisha mashine. Mwisho zikawa zimeanza kuingia za kisasa, ndefu kuliko zote, ambazo moja tu ilitosha, haihitaji mwenzake. Otieno alipokwenda zake Dar, Mzee Masalu aliniita nyuma akaniambia, "Haya, Minza, meza hiyo." Kuanzia siku hiyo watu waliniita Fundi Minza. Nataka mwelewe jina hilo lilivyoingia mwilini mwangu. Sijawahi kuvaa nguo iliyonikaa vile.

Na majina niliyatoa mimi. Nilikuwa na mimba kubwa, kila mtu ananipapasa tumbo kwa macho na kusema hao ni mapacha hao, nami nimeshika zile memori mbili mkononi namweleza Mzee Masalu kwa nini hawezi kuuza moja. Hakuelewa. Kwake bidhaa ni bidhaa, mteja akitaka nusu unampa nusu. Ndipo nikamwambia, "Mzee, hizi ni Kulwa na Doto. Huwezi kumpeleka Kulwa ukambakiza Doto, watagoma wote wawili." Akacheka mpaka akashika ukuta. Msukuma hafundishwi habari ya mapacha. "Na hii ndefu ya peke yake?" akauliza. Nikamwambia hiyo ni Shija, aliyezaliwa baada ya mapacha, kaja mmoja. Tangu siku hiyo duka zima likasema Kulwa, Doto na Shija, na hakuna tena aliyeuza moja.

Nilijifungua mtoto mmoja, Petro. Mama mkwe alikuja kutoka Magu na michembe ya viazi vikavu na mikono ya chuma. Kwao mzazi hatoki nje mpaka mkubwa aseme, na yeye ndiye alikuwa mkubwa, na hakusema. Chumba chetu Kirumba kilikuwa kimoja, pazia katikati. Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha samaki, ambako minofu ya sangara ilikwenda Ulaya na sisi tulinunua mapanki, yaani kichwa na mifupa. Mama mkwe aliyachemsha kwa ndimu, akaniwekea bakuli, akakaa mbele yangu mpaka niishushe supu yote. Nilikunywa huku nafikiria meza. Nilimwambia, "Mama, nina kazi." Akasema, "Kazi hiyo hapo inalia, inyonyeshe." Mume wangu alikuwa nyuma ya pazia, anasikia, anakohoa. Wanaume wana kikohozi chao cha kutoingilia.

Niliporudi dukani, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa viatu. Mlangoni, pale pembeni nilipozoea kuacha vyangu, palikuwa na viatu vyeusi vya kisigino kifupi, vimepangwa kama vimepigwa picha. Ndani, kwenye kiti changu, juu ya mto nilioushona mwenyewe, alikaa Devota. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, amesomea kompyuta Kampala, shingo ndefu, kucha safi, na alipofungua mashine skrubu alizipanga kwenye kisosi kwa ukubwa. Alisimama kunipokea. "Karibu dada! Nimekusikia sana. Hongera kwa mtoto!" Mzee Masalu akatokea, akamtazama Petro, akanitazama matiti yaliyolowanisha blauzi, akasema kwa huruma ambayo sijamsamehe mpaka leo, "Mama Petro, wewe kaa huku mbele, pumzika, uchape barua. Kule nyuma kuna vumbi." Fundi Minza alizikwa hapo, mlangoni, bila hata matanga.

Basi nikakaa mbele. Petro alilala kwenye boksi la skrini lililotandikwa kanga, chini ya meza yangu. Kati ya vyumba viwili palikuwa na pazia la maua, na kila kilichosemwa nyuma nilikisikia. Vidole vyangu vilichapa "Yah: Kuomba Kazi" na masikio yalikuwa kule. Nilimsikia anavyowaeleza wateja, na uchungu ni kwamba alieleza vizuri. Angekuwa mjinga ningelala usingizi. Siku moja mwalimu fulani alimuuliza kama aweke Edo au atafute mashine ya zile memori za kisasa. Devota akamjibu, "Mwalimu, wewe unaandika mitihani tu. Edo inakutosha. Shija anakimbia kwa hatua moja na mashine, ndiyo, lakini bodi yako haina mahali pa kumkalisha. Utamnunua umweke kabatini umtazame?" Mwalimu akacheka. Akasema, "Hayo majina umeyatoa wapi wewe binti? Mazuri kweli." Nikaacha kuchapa. Nikasubiri. Devota akasema, "Aa, ndiyo majina yetu ya hapa." Yetu! Mhaya, ambaye kwao mapacha wana majina mengine kabisa! Mwalimu alipotoka alipita mezani kwangu akaniambia, "Mna fundi mwenye akili pale, mama," nami nikamtolea karatasi yake bila kumtazama.

Saa ya chakula ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama lishe wa barazani alimletea Devota sato mzima, macho yake kichwani, na wali. Mimi nilifungua bakuli langu la ugali wa muhogo na mapanki. Naye hakuwa na roho mbaya, ndiyo maana nilimchukia. Alikata ubavu wa sato akauweka juu ya ugali wangu. "Kula dada, unanyonyesha." Nikaula. Ulikuwa mtamu, nikamchukia kwa utamu huo. Kisha akamtoa Petro kwenye boksi, akamnusa utosi, akafumba macho. "Ningekuwa na huyu mimi," alisema siku moja, "hata hiyo meza nisingeitaka." Nikamwambia, "Basi tubadilishane." Akacheka, akidhani ni utani. Mimi nilikuwa natazama mikono yake imejaa mtoto wangu, na nyuma yake, kupitia pazia, meza yangu haina mtu.

Msimu wa pamba ulipokwisha na harusi zikaanza, akaja Mzee Sudi. Alikuwa na studio ya picha pale Kirumba, mtu wa kanzu na manukato, mwenye mazungumzo. Alikuwa amenunua kompyuta ya kutengeneza picha za harusi, na akaingia amebebewa mashine yake na ghadhabu yake. "Bi mkubwa," alimwambia Devota, "maharusi wangu wana mabaka. Namweka bibi harusi ndani ya mashine mzuri kama mwezi, anatokea kwenye kioo ana mashilingi usoni. Mama yake jana kanililia. Na picha ikiwa kubwa, mashine inalala." Mzee Masalu alisimama pale akasikiliza, na hesabu za mnunuzi wa pamba zikapita usoni mwake, maana Mzee Sudi alisema akiridhika ataongeza mashine nyingine na kuleta wenzake. Ndipo Mzee Masalu akasema mbele yetu wote, "Kazi hii ikienda sawa, nitajua nani fundi wangu wa kudumu na nani mchapaji. Siwezi kuendelea na mafundi wawili na meza moja." Akanitazama na mimi. Kumbe bado nilikuwa nahesabiwa!

Niliingia nyuma na Petro begani, bila kukaribishwa. Nilijua tatizo. Nilijua kabla hajafungua kifuniko. Kadi inayopeleka picha kwenye kioo ina memori yake yenyewe, haihusiani na ile ya mashine. Ikiwa ndogo, kioo kinapewa rangi chache, na uso wa mtu una rangi nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Zikikosekana, mashine inajaza kwa vidoa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi niseme. Devota akasema kabla yangu. Na akasema vizuri zaidi yangu. "Mzee wangu, mashine yako ina ghala na ina sinia. Ghala ndiyo hizi Kulwa na Doto, ndimo picha inamokaa ikishughulikiwa. Sinia ni memori ya kadi, ndiyo inayobeba picha kuipeleka kwenye kioo. Sinia lako ni dogo, ndiyo maana rangi zinamwagika njiani. Na ghala nalo ni dogo, ndiyo maana mashine inalala. Ukijaza ghala tu, mabaka yatabaki. Ukipanua sinia tu, usingizi utabaki." Akamwonyesha kwenye kadi vitundu viwili vya mraba vilivyokuwa wazi, vinasubiri vidude vyake. Mzee Sudi akasema, "Mashallah, hapo nimeelewa." Mimi pumzi niliyoivuta nikaitoa kwa mtoto, nikajifanya nambembeleza.

Mzee Masalu mwenyewe ndiye aliyesafiri kwenda Nairobi kununua. Hakukubali kuandikiwa. Alijivuna kwamba alinunua pamba ya vijiji vizima kwa kichwa tu, akikumbuka ya kila mkulima. Nilimsikia Devota nyuma ya pazia akimwagiza mara tatu. "Vidude viwili vya kadi, hiki hapa nakutolea mfano ubebe. Na Kulwa na Doto, kubwa, za Edo, za kuongeza kwenye nafasi mbili zilizobaki." Mzee Masalu akasema, "Vidude vya kadi, Kulwa na Doto, Edo, kubwa. Wabeja, asante. Nimeshika." Akaondoka.

Aliporudi Mzee Sudi alikuwa anamngoja, amekaa kwenye kiti cha wageni, mguu unacheza. Mzee Masalu akafungua kitambaa mezani kama anafungua mahari. Devota akapachika vidude vya kadi, akawasha, na kweli, bibi harusi wa kwanza akatokea laini, mashavu yake, hina yake, mpaka kivuli cha shela. Mzee Sudi akapiga kofi. Kisha Devota akazima, akachukua memori, akazipachika, akawasha. Kioo kikabaki cheusi. Mashine ikalia pi, pi, pi. Akatoa, akafuta meno ya memori kwa kifutio cha penseli, akarudisha. Pi, pi, pi. Niliingia kutoka mbele. Devota alikuwa amezitoa tena mezani, nikasoma migongo yake wakati mmoja na yeye, na tukatazamana. Moja ilikuwa ya megabaiti kumi na sita. Nyingine ya nane.

"Mzee," Devota akasema polepole, "hizi hazilingani."

"Hazilinganije?" akasema Mzee Masalu. "Muuzaji yule alitaka kunipa zote sawa, mimi nikakataa. Nilimwambia kwetu Kulwa ndiye mkubwa. Nikawaletea Kulwa kubwa na Doto ndogo. Au Doto siku hizi ndiye anatangulia kuzaliwa?"

Hakuna aliyecheka. Aliyesema hivyo alikuwa na akili timamu, na kila Msukuma angenunua hivyohivyo. Lakini Nairobi si sokoni Mwaloni useme utarudi mchana kubadilisha. Mzee Sudi akainuka. Alisema ana harusi Jumamosi, alisema mji huu una mafundi wengine, alisema mambo mengi kwa adabu kubwa, na adabu ya mtu wa kanzu inakata kuliko tusi. Mzee Masalu uso ukamvimba. Hakuweza kujilaumu mbele ya mteja, basi akatafuta wa kumbebesha. "Nani," akasema, "nani aliyeleta dukani kwangu ujinga huu wa kuviita vyuma majina ya watoto? Aliyeuleta hatakaa kwenye meza hii. Nasema leo."

Mzee Sudi akanyoosha kidole chenye pete. "Si huyu binti? Ndiye niliyemsikia nayo mimi. Kila anayetoka hapa anasema, majina ya Devota."

Devota akaanza kurudisha skrubu kwenye kisosi. Hapo ndipo kiti changu kilikuwa wazi mbele yangu, na mto wangu juu yake. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Mwanamke mwenye akili angenyamaza. Mama mkwe wangu angenyamaza, akamnyonyesha mtoto. Lakini nilisikia maneno matatu tu, majina ya Devota, na damu ikapanda. Kiti kachukua. Jina la fundi kachukua. Mwalimu kamsifu, Mzee Sudi kamshangilia, mwanangu kamnusa. Sasa na hili? Hata lawama ya kitu changu apewe yeye?

"Ya nani?" nikapiga kelele, mpaka Petro akashtuka. "Ya Devota toka lini? Mhaya huyu alijua wapi Kulwa na Doto? Nimezipa mimi! Mimi, Minza, nikiwa na tumbo la huyu, hapo ulipokaa, mzee, na ulicheka mpaka ukashika ukuta! Kulwa ni yangu, Doto ni yangu, na Shija ni yangu! Msinipokonye!"

Nikamwona Mzee Masalu anakumbuka ule ukuta. Akasema, chini kwa chini, kama mtu aliyefunga mzigo, "Haya. Basi umejisemea mwenyewe, Mama Petro. Rudi mbele ukachape." Yakaisha hivyo. Harusi ya Jumamosi ilitengenezwa na Kulwa na Doto za zamani, polepole, bila mabaka, Mzee Sudi akatulia. Devota akapewa meza ya kudumu. Jioni ile alinifuata mpaka kwenye chumba chetu na sukari na sabuni, akapiga magoti mbele ya mama mkwe, akasema mkweo ana moyo wa dhahabu. Nikamwambia wazi, mbele ya mashahidi, "Sikukusaidia wewe. Nilikuwa nadai changu." Akalia zaidi. Akasema, "Mnamsikia? Hata sifa hataki." Mama mkwe akapokea sukari.

Wiki iliyofuata aliingia mteja mgeni, mkulima wa Sengerema aliyekuwa na ofisi ya chama chao, akataka kuongezewa nguvu mashine. Nilimsikia nyuma ya pazia akisema, "Nimeambiwa niulize Kulwa na Doto. Wewe ndiye uliyezipa majina?" Nikaacha kuchapa. Pazia likafunguka. Devota alilishika kwa mkono mmoja, ule wenye kucha safi, na kwa mwingine akanionyesha. "Hapana, mzee. Majina haya katoa yule mama pale, anayechapa. Yake kabisa." Yule mzee akavua kofia, akanipa heshima. Devota akatabasamu, anafurahi kweli, hana hila, amenirudishia changu mbele ya watu. Nikatoa shikamoo yangu kwa mzee, nikainama kwenye mashine, na herufi sikuziona. Kitu pekee kilichokuwa changu katika duka lile, nacho nilikipokea kutoka mkononi mwake.